Kofi la Jumanne

Mama mmoja, mkunga mstaafu, alikuwa na mkwe mwigizaji. Mkwe huyo hakuzaliwa kwenye sanaa. Alikuwa fundi rangi, mtu mpole, mwembamba, ila Mungu alimpa sauti nzito kuliko umbo lake. Siku moja akipaka rangi ukuta wa studio alimwita mwenzake amletee brashi, mtu mmoja akatoa kichwa dirishani akamwambia, "Hebu rudia." Hivyo ndivyo alivyopata nafasi ya Chuma kwenye tamthilia ya kila Jumanne saa moja jioni.

Chuma hacheki ovyo wala haombi radhi, na mkewe akimjibu humnyamazisha kwa mkono. Watu walimpenda ajabu. Mkwe hakuitwa tena kwa jina lake mtaani. Alikuwa Chuma dukani, Chuma kwa kinyozi, Chuma msibani.

Jumanne moja mkunga alimwona mkwewe kwenye runinga akimzaba mwanamke kofi hadi akagonga kabati. Alijua ni mchezo. Hata hivyo chai ilimpoa mkononi. Alhamisi yake binti yake akapiga simu.

"Mama, usishtuke. Nimevunjika mkono."

"Umefanyaje?"

"Nimeanguka kwenye stuli. Nilikuwa nashusha mapazia nifue."

 Katika miaka thelathini na mmoja ya kazi mkunga alikuwa amepokea wanawake walioanguka ngazini, walioteleza bafuni, na mmoja aliyegongwa na mlango uleule mara nne.

"Stuli gani hiyo?"

"Mama! Stuli ni stuli."

Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa chini ya jengo lao na begi la nguo za wiki mbili. Mkwe akashuka ngazi mbio kumpokea.

"Shikamoo mama. Kwa nini hukusema, nije kukuchukua stendi?"

"Marahaba," alijibu mkunga, macho yakiwa kwenye vidole vya mkwewe. Alikuwa akitafuta michubuko. Aliona rangi nyeupe kwenye kucha, basi.

Mlango wa fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza ulikuwa wazi kiasi cha jicho kupita. Mkwe alipotangulia na begi, fundi akamvuta mkunga mkono.

"Pole mama. Sisi tulijua tu, iko siku."

"Mlijuaje? Mmesikia kelele?"

"Hapana, kelele hakuna."

"Mmeona nini?"

Fundi akamshangaa. "Mama, huangalii tivii?"

Mkunga akapanda ngazi zilizobaki polepole. Lile jibu lilimchoma, maana hata yeye, akijichunguza vizuri, hakuwa na ushahidi mwingine.

Lakini shaka ni kama mbigili, ukishaikanyaga huwezi kutembea bila kuifikiria. Siku mbili alilinda nyumba ile. Alimwogesha binti yake ili aone mgongo. Mgongo ulikuwa safi. Alisikiliza nyayo za mkwe ngazini, kisha akatazama uso wa binti yake. Aliikalia stuli, akaitikisa, ikakaa imara kama ya benki. Stuli kama hii inamwangushaje mtu? Jambo jingine: kila runinga ikitaja tamthilia ile, binti yake alizima.

"Unamwogopa?" alimuuliza siku ya pili, mkwe akiwa studio.

"Nani?"

"Usinizungushe. Mimi nimekuzaa."

Binti akaweka chini kikombe. "Mama, mume wangu hajawahi kuniinulia hata kidole. Nikwambie mara ngapi?"

"Basi mbona unazima tivii?"

 Binti alikwenda dirishani, akasimama, mkono wenye plasta kifuani.

Mkunga akaona isiwe tabu. Aliivuta stuli hadi dirishani, akapanda, na mwili wake wote na umri wake wote. Huko juu aliona tundu bichi ukutani, lipu imemeguka, parafujo mbili zinaning'inia na chuma cha pazia kimelala upande. Aligusa, vumbi likammwagikia usoni. Kumbe binti yake alivuta pazia, chuma kikang'oka, akaanguka nacho.

"Shuka mama, utavunjika na wewe, watu waseme anapiga hadi wakwe!"

Wakacheka mpaka mkunga akaketi juu ya stuli. Alimwomba binti yake msamaha, na jioni ile alikula vizuri. Msamaha wa mkwe aliuachia siku nyingine.

Jumapili asubuhi mkwe alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma, kavaa aproni ya mkewe yenye maua, mikono ndani ya beseni, anafua mashuka na kuimba. Mkunga alikuwa anaanika. Mlango ukagongwa. Sauti ya nje ikaita, "Chuma! Upo?"

Mkwe akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Aproni akaitupa nyuma ya friji, mikono akaifuta kwenye suruali, akapita mbio sebuleni, akaketi kwenye kochi kubwa, miguu kaitanua. Ndipo akasema, kwa sauti ambayo mkunga aliijua kutoka kwenye runinga tu:

"Wewe! Fungua mlango. Na ulete maji, wageni hao."

Binti akafungua, kisha akaenda jikoni, akarudi na jagi kwa mkono mmoja mzima, glasi kazibana kwapani. Mkunga alimtazama usoni akitafuta woga. Hakuuona. Aliona uso wa mtu anayefanya jambo alilokwisha kulizoea, na hilo ndilo lililomtia baridi.

Mgeni alikuwa mwenye bucha, mtu mnene, mcheshi, ameleta maini kilo nzima kama zawadi.

"Mama, mkweo ndiye mwanamume," alisema akipokea maji. "Mke wangu siku hizi akifungua mdomo, namwambia nitamwita Chuma."

"Na akiendelea kuufungua?" aliuliza mkunga.

Mwenye bucha akacheka. "Jumanne ile nilizima tivii, naye akaanza maneno yake. Nikafanya kama alivyofanya Chuma. Moja tu! Nyumba nzima kimya hadi leo."

Chuma naye akacheka. Kicheko kifupi cha puani, kile cha kwenye tamthilia.

Mgeni alipoondoka, mkwe alirudi kibarazani. Alipopita jikoni alimgusa mkewe bega. "Samahani, unajua ni mchezo tu."

"Najua," alisema binti.

Mkunga akamfuata, akasimama upande wa pili wa beseni.

"Ulimsikia yule?"

"Ni maneno ya wanaume, mama. Anajisifu tu."

"Baba, mimi nilikuja hapa kutafuta alama mwilini mwa mwanangu. Sijaziona. Sasa naanza kuhisi ziko kwenye nyumba ya mwenzio."

Mkwe akakamua shuka moja muda mrefu, hata lilipokuwa limekauka.

"Mimi nilikuwa fundi rangi, mama," alisema mwishowe, na sauti ilikuwa yake mwenyewe. "Nikiingia mahali, hakuna aliyesogea nipate kukaa. Kaka zake mke wangu, wanao, walikuwa wananiita mzee wa madoa. Sasa nikiingia kwa kinyozi watu wanasimama. Nikifungua mlango na aproni hii, watasimama?"

"Hawatasimama," alisema mkunga. Hakuwa mtu wa kudanganya mgonjwa.

Kesho yake mkwe alisema anakwenda bucha. Mkunga akachukua kikapu chake akamwandama. Hakumwamini, na hakujisumbua kuficha.

Bucha ilijaa watu. "Mpisheni Chuma!" alipaza sauti mwenye bucha, na watu wakapisha. Nyuma ya mwenye bucha, kwenye kistuli, mkewe alikuwa akifunga nyama kwenye magazeti, ushungi kauvuta hadi kwenye jicho.

"Nimekuja kukwambia kitu," alisema mkwe. "Kofi lile lilikuwa la uongo. Mkono wangu haukumgusa yule dada. Sauti aliipiga kijana mmoja nyuma ya kamera, kwa viganja vyake."

Watu wakacheka. "Chuma leo ana utani!"

"Sina utani. Nyumbani nafua mimi. Jana ulipogonga nilikuwa nafua, nikaficha."

Kicheko kikafifia, kikabaki cha mtu mmoja kule mlangoni. Mwenye bucha akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo umenidanganya."

"Nimekudanganya. Ila kofi la kwako halikuwa la uongo."

 Mwenye bucha alimkatia nyama yenye mfupa mkubwa, kama anavyomkatia mteja yeyote asiyemjua, akaisukuma bila kumtazama. Mkunga wakati huo alikuwa ameshazunguka meza. Chini ya ule ushungi palikuwa na uvimbe uliokwisha geuka rangi ya bilinganya.

"Umeanguka wapi, mwanangu?" alinong'ona.

"Bafuni."

"Haya. Mimi ni mkunga. Nipo ghorofa ya tatu, jengo la kona, hadi wiki ijayo. Mchana nakuwa peke yangu na binti yangu."

Wiki ile mkwe aliomba studio wabadilishe mambo ya Chuma. Wakamwambia watu wanampenda hivyohivyo, na mkataba ameshatia saini. Kwa kinyozi hakuna aliyesimama. Mlango ulipogongwa, mara moja alibaki na mikono yake majini. Mara nyingine mkunga alimwona akisimama nusu, akisita, akiitafuta aproni kwa vidole ili aivue. Mkunga aliona yote mawili, na hakuamua bado ni lipi la kuamini.

Alhamisi mchana mlango uligongwa taratibu. Mkwe alikuwa karibu, akafungua. Alikuwa mke wa mwenye bucha. Alipouona uso ule mlangoni, mwanamke alirudi nyuma ngazi mbili, mkono umekinga shavu.

Mkwe hakusema kitu. Pengine aliiogopa sauti yake mwenyewe. Alijibana ukutani kumpisha, akamwonyesha kwa kichwa sebuleni alipokuwa mama mkwe wake, kisha akashuka ngazi bila viatu. Akakaa kwenye kizingiti cha jengo, mbele za watu, kwa muda wa karibu saa mbili, hadi mgeni alipomaliza kuzungumza na kwenda zake.