Mkono Uliohudhuria Kliniki

Jumanne asubuhi, kabla wagonjwa hawajaanza kuingia, nesi wa utafiti alipanga viti ukutani na kuifuta meza ya kupimia kwa dawa. Utafiti ulihusu kidonge kipya cha presha, na mwongozo wake ulikuwa mkali kama mama mkwe. Mshiriki aketi, aegemee, asizungumze, mkono wa kushoto ulazwe mezani usawa wa moyo, upumzike dakika tano, ndipo upimwe. Asiyepimwa hapewi vidonge vya wiki inayofuata. Nesi alikuwa ameyasema haya mara nyingi mno, hata akawa anayasema huku akiwaza mambo ya nyumbani kwake.

Saa tatu uliingia mkono wa kushoto wa mpiga pasi, peke yake.

Ulikuwa umevaa kipande cha blauzi ya buluu ya kazini, kilichoishia kwenye kiwiko. Ulining'inia hewani kwenye kimo kile kile ambacho ungekuwa nacho kama mwenyewe angekuwepo, ukiyumba kidogo mbele na nyuma. Njiani watu wawili watatu walikuwa wameusalimia, nao uliitikia kama kawaida ya mikono. Ulichagua kiti cha mwisho, ukajilaza kwenye kiegemeo, ukatulia.

Nesi alikuwa akiutarajia. Jana yake alikuwa ameongea na mwenyewe kwa simu.

"Mwanangu, siruhusiwi kutoka," mpiga pasi alikuwa amemwambia. Alifanya kazi kwenye kampuni inayofua mashuka ya mahoteli. "Msimamizi kasema nikitoka saa za kazi, nisirudi."

"Mama, bila kupimwa siwezi kukupa vidonge. Si mimi, ni mwongozo."

"Kwani mnapima nini hasa?"

"Mkono tu, mama. Wa kushoto."

"Wa kushoto," mpiga pasi alirudia, akafikiri. "Huo nitauachia. Pasi naishika kwa wa kulia."

Zamu ya mkono ilipofika, daktari mkuu wa utafiti alichungulia mlangoni, akauona mkono umelala mezani.

"Umepumzika dakika tano?"

"Umepumzika, daktari."

"Basi pima."

Presha ilikuwa imeshuka vizuri. Yakafuata maswali ya mtindo wa maisha, na mkono uliyajibu kwa kidole gumba kwa ndiyo na ngumi kwa hapana. Sigara, ngumi. Pombe, ngumi. Chumvi nyingi, uliyumba huku na huku, maana yake si sana. Mazoezi, ulisita, kisha ukatoa gumba, kwa sababu wenyewe ulikuwa umetembea tangu asubuhi. Dodoso halikuuliza mtu husimama muda gani mbele ya mvuke, wala kama huruhusiwa kwenda kunywa maji. Nesi aliupa vidonge na kikaratasi cha ushauri kilichosema mgonjwa atembee kila siku, alale vya kutosha na aepuke mawazo. Mkono ulikikunja kikaratasi hicho pembe kwa pembe, kwa ustadi wa kazi yake, ukaondoka nacho.

Tangu siku hiyo haukukosa kliniki hata mara moja. Mume wa mpiga pasi, fundi viatu aliyefanyia kazi barazani kwake, aliuzoea haraka. Siku za kliniki ulirudi nyumbani mapema, ukaanza kuchambua maharage. "Mkono umeshafika, mwenyewe bado," aliwaambia wateja. Jirani alipomkumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, alimjibu kwamba hapa vipo vitano na chawa hawapo. Alipenda kuukalisha karibu naye. Mke wake hakuwa amekaa naye barazani mchana tangu aajiriwe.

Ukweli ni kwamba mkono ule ndio uliokuwa sehemu pekee ya mwili wa mpiga pasi iliyopata kupumzika. Ulipata upepo wa asubuhi, ukapata kiti, ukapata na watu wa kuuambia utulie. Presha yake ikawa nzuri kupita ya washiriki wote. Daktari aliionyesha kwenye kikao cha watafiti wenzake, nao wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Mwenyewe huku nyuma alipiga pasi kwa mkono mmoja na kukunja mashuka akiyabana kwa meno. Msimamizi aliona kasi yake imepungua siku za Jumanne, akamtaka afidie Jumatano. Kisogo kilimgonga. Miguu ilivimba hadi viatu alivyotengenezewa na mumewe mwenyewe vikamkataa. Hakulalamika sana, maana vidonge alikuwa akivipata, na mwenye dawa mkononi huona aibu kuendelea kuumwa.

Kisha mwongozo wa utafiti ukafanya kazi yake. Uliagiza kwamba mshiriki ambaye presha yake imetulia kwa ziara kadhaa apunguziwe dawa. Nesi akaukabidhi mkono vidonge vya nusu ya nguvu.

Jumanne iliyofuata mkono ulikuja umeshikwa na fundi viatu, mithili ya watu wanaotoka arusini.

"Mwanangu," alimwambia nesi, "mkono ni mzima, hilo nalijua, nakaa nao. Mwenye mkono ndiye anayeumwa."

Nesi hakubisha. Saa ya chakula cha mchana alichukua mashine yake, akaenda kule kwenye mashuka. Msimamizi alimruhusu kuingia mradi asimsimamishe mtu kazi. Mpiga pasi alimnyooshea mkono wa kulia katikati ya shuka moja na jingine, akicheka kwamba leo kliniki imemfuata mtoro. Namba zilizotokea zilimfanya nesi azime mashine na kupima upya. Hazikubadilika. Zilikuwa namba za mtu anayepaswa kulazwa.

Alizipeleka kwa daktari jioni ile ile.

"Alikuwa amekaa?"

"Amesimama."

"Mkono wa kushoto?"

"Wa kulia, daktari. Wa kushoto ulikuwa huku kwetu."

"Alipumzika kwanza?"

"Hapumziki. Ndiyo shida yenyewe."

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akayasugua macho yake. "Hicho si kipimo," alisema kwa upole. "Nikikipokea, nitalazimika kupokea na vya watu wote waliopimwa wamesimama, na hapo hatutajua tena kidonge kinafanya nini."

"Basi tumrudishie kidonge kizima."

"Kwa presha ipi? Ya kwake kwetu ni nzuri. Mwambie aende hospitali."

Nesi alimpigia simu mpiga pasi, akamsihi aende kesho yake asubuhi. Alimjibu kwamba ataomba ruhusa. Aliiomba, akanyimwa.

Alianguka Jumanne, saa nne, mkono wa kushoto ukiwa umelazwa mezani kliniki na kusomeka kama wa msichana. Wenzake walimtoa kwa shuka. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia pamoja na maneno yake, yakabaki mawili matatu ambayo hakuyachagua. Mkono ulipofika nyumbani ulikuta baraza tupu, viatu vya watu vimeachwa na sindano ndani. Ulisubiri kidogo, kisha ukaenda wenyewe hadi wodini, ukamtafuta kitanda kwa kitanda, ukajirudisha begani kwake.

Kampuni ilimweka mwanamke mwingine mbele ya pasi ile. Msimamizi, ambaye alikuwa ameona kwamba mkono kwenda kliniki hausimamishi mashine, alitangaza kwamba wafanyakazi wote wenye presha wanaruhusiwa kushiriki utafiti, mikono iende, wenyewe wabaki. Kuhusu kiharusi, daktari aliona kwamba kimempata mtu nje ya kliniki, ilhali mkono unaopimwa haukuguswa. Mshiriki aliendelea.

Kwa hiyo Jumanne mkono ulikuja. Siku hizi ndio uliokuwa ukimlisha mpiga pasi, kumchana nywele na kumfuta mate, na fundi viatu alikuwa amemwomba mama mmoja wa jirani akae naye hadi urudi. Viti vyote vilikuwa vimejaa mikono ya blauzi za buluu, imetulia kimya. Nesi aliufunga mkanda, akaujaza hewa, akasikiliza. Kisha kilio kikamshinda. Alilia katikati ya kazi, bila kujificha, kwa sababu alikuwa amempenda mama yule na hakuwa amemsaidia kitu.

Mkono ulimwacha alie. Halafu ulijiinua na mkanda wake, ukamfuta machozi shavu hili na lile, taratibu, kama ulivyojifunza kufanya nyumbani, ukarudi kulala mezani usawa wa moyo.

Kwa kuwa ulikuwa umejisogeza, nesi alihesabu upya dakika tano za mapumziko. Akapima. Presha ilikuwa nzuri sana, naye akaiandika.