Kobe Mwenye Haraka

Mcheza poka aliikodolea macho kompyuta yake, akicheza kwa jina lake halisi. Mpinzani wa mwisho, asiyemjua ila kwa jina la mtandaoni, Kobe, aliweka dau lake lote kufumba na kufumbua. Kobe gani huyu mwenye haraka? Akamkumbuka dada yake. Walipokuwa wakivuka milima kwa miguu, mizigo mgongoni, dada akiishiwa nguvu ndipo alipokaza mwendo, asijulikane kachoka.

“Huyu hana kitu,” alijisemea, akaweka dau sawa na hilo.

Karata zikafunuliwa. Kweli, Kobe hakuwa na kitu. Mshindi bado anarukaruka chumbani, simu ikaita.

“We mdogo wangu,” dada yake alifoka, “umejuaje kama sina kitu?”

Mdogo wake akaangua kicheko.

“Umekaza mwendo, dada.”