Kona ya Njano

Mtoto aliingia na blanketi begani, na nyuma yake uzi wa kijivu ukiburutika sakafuni kama mkia. Niliutambua uzi kabla sijamtazama usoni.

Sisi wanawake saba hukutana kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma cha maktaba, tukifuma mablanketi ya watoto walioondolewa kwao na kupelekwa kwa walezi. Kiongozi wetu tunamwita Mama Vipimo, maana hata kicheko chako atakipima kwa utepe wake. Ana kanuni mbili. Kila mfumaji hutia konani uzi wa rangi yake, mtoto ajue kuna mtu aliyemfumia. Wangu ni wa njano. Na kila blanketi hulala usiku mmoja nyumbani kwa mfumaji kabla ya kutolewa. "Lisifike likinuka stoo," husema. "Linuke nyumba ya watu."

Kanuni hiyo ya pili ndiyo iliyoniponza. Blanketi langu la kwanza, kazi ya miezi miwili, lilimfunika binti yangu wa miaka mitatu, na asubuhi sikuwa na moyo wa kumfunua. Nikafuma jingine la kutoa badala yake kwa siku nne, kwa masazo ya uzi wa kijivu, jicho moja kwenye sindano, jingine kwenye daftari la mtihani wangu wa darasa la jioni. Ukingo wa mwisho sikuufunga sawasawa. Niliona. Nikajiambia: mtoto aliyekosa kila kitu ataona kasoro gani? Ninaliandika wazo hilo hapa kwa kuwa sijapata mahali pengine pa kuliweka.

"Samahanini, mama zangu," alisema mama mlezi. "Linafumuka, na kuliacha hataki. Hata kulifua namvizia akiwa anaoga."

"Hebu tuone," alidakia mcheshi wetu. "Eh! Hili limefumwa na mtu au limeparuliwa na kuku?"

Wakacheka. Nami nikacheka.

Mama Vipimo akaliinamia. Akaiona kona. Hakunitazama, aliikunja tu kwa ndani, polepole, kama mtu anayemfunika aliyelala. Laiti angenisema! Kusitiriwa kule kulinivua nguo.

"Ni langu," nikasema. "Nisubirini. Lipo jingine zuri nyumbani. Naja sasa hivi."

Nyumbani ni mitaa miwili tu. Binti yangu alikuwa amelitandika sakafuni, amewalaza wanasesere wake, bibi yake akiwaimbia.

"Mama, langu hilo!"

Niliwakung'uta wanasesere, nikalikunja, nikatoka, kilio chake kikinisindikiza hadi mwisho wa barabara.

Maktabani nikapiga magoti mbele ya yule mtoto, nikalikunjua lote: jeupe kwa samawati, vitanzi vimepangana kama punje za muhindi.

"Hili ni zuri zaidi, mwanangu. Tubadilishane?"

Aliligusa kwa kidole kimoja, kwa adabu. "La nani?"

Ningeweza kudanganya. "La binti yangu."

Akaurudisha mkono haraka. "Basi mrudishie. Mimi ninalo langu."

Nikaketi sakafuni, nikatoa sindano. Alikataa kulivua, kwa hiyo nilifuma likiwa mgongoni mwake, pumzi zake zikiinua na kushusha kazi yangu. Mama Vipimo alikisukuma kwa mguu kikapu cha uzi mzuri mpaka kando yangu.

"Tia kidole hapa," nilimwambia mtoto, "kitanzi kisikimbie."

Akatia. Alikishikilia kwa nguvu hata ncha ya kidole ikageuka nyeupe, mstari baada ya mstari, wala hakuomba kupumzika.

Nilipofika mwisho nikafunga fundo, nikakata uzi.

"Umefunga?" akauliza.

"Nimefunga."

Akavuta kujaribu; fundo likashika. Akanitazama. Akavuta tena.