Kitufe cha Kuuza

Mwachiro halali, ati, anapumzisha macho tu. Kutwa nzima ameikodolea kompyuta, akinunua hisa na kuziuza siku hiyohiyo, na kazi yake ina mwiko mmoja: kengele ya kufunga soko isikukute umeshika kitu. Leo ameshika. Hisa za kampuni ya saruji, alizonunua kwa mkopo aliowekea rehani kiwanja ambacho mkewe Mejumaa aliachiwa na babake, zinashuka, naye kwa ubishi wake anangoja zipande. Tamaa mbele, mauti nyuma. Kope zinamshinda, kioo cha kompyuta kinafunguka kama mlango, naye anaingia.

Barabara haina mwisho. Kuta zake ni vioo, na ndani ya kila kioo mna mji uleule, na katika kila mji yumo Mwachiro anakimbia, kitufe cha kuuza mkononi. Anabonyeza. Kimya. Barabara inajipinda, inamrudisha palepale, hofu inampanda, anabonyeza tena. Mbele yake anasimama mtu asiye na uso, kanzu safi, sauti ya kiungwana. Umeuza mara ngapi, bwana? Mara moja, anajibu Mwachiro, ile ya kwanza haikuingia. Mtu yule anacheka bila mdomo. Aliyeuza chake hulala. Aliyeuza cha mwenziwe hulala wapi? Hapo Mwachiro anaelewa: amri zote mbili zimeingia sokoni. Ya kwanza imeuza hisa zake, ya pili, kwa kuwa zake zimekwisha, imeuza za kuazima kwa dalali, na za kuazima lazima azinunue azirudishe kabla ya kengele, kwa bei yoyote ile. Na bei, mwanaharamu, sasa ndiyo inapanda! Kila ikipanda, kiwanja cha Mejumaa kinamegeka chini ya miguu yake, kwanza ua, kisha kisima, kisha kaburi la baba mkwe. Kengele inaanza kulia.

Baba Salma, waweweseka nini? Ushauza?

Mejumaa amemshika bega, mkono wa pili una kikombe cha kahawa. Mtandao umeganda, bei haionekani, na kidole cha Mwachiro kiko juu ya kitufe. Alibonyeza hapa, au kule tu? Ikiwa hapa hakubonyeza, hisa zinaporomoka na kiwanja kinakwenda. Ikiwa alibonyeza, akirudia amekwisha. Anainua macho amtazame mkewe, ajue yuko wapi, lakini mvuke wa kahawa umemfunika uso.

Nakuuliza, bwana. Umeuza?