Mwombaji Hakuwepo

Kila asubuhi, kabla ya kufunua cherehani, mshonaji alikwenda uani na futi yake ya kupimia nguo, akaupima ufa wa mti. Jana ulikuwa inchi mbili na nusu. Leo ulikaribia tatu.

"Umeongezeka?" mama mkwe aliuliza kutoka kitandani. Dirisha lake lilikuwa chini kabisa ya tawi lililobaki.

"Kidogo, mama. Leo uhamie chumbani kwangu."

"Nihame, halafu nimwachie nani? Akigonga bati, mimi ndiye ninayemjibu."

Mshonaji alikunja futi yake. Hata yeye alisikia. Upepo ukivuma, tawi liligonga bati mara mbili, likanyamaza, kama mumewe alivyokuwa akibisha hodi akichelewa kutoka kazini. Tawi jingine, nene kuliko hilo, ndilo lililomwangukia miezi miwili iliyopita akifunga kamba ya kuanikia nguo. Walimzika hukohuko uani, hatua saba kutoka kwenye shina.

Mti ulikuwa wao, kwenye kiwanja chao, lakini kuukata bila kibali ni kosa. Fundi wa msumeno hakumficha. "Shemeji, mwenzangu alinyang'anywa msumeno, na ndani akalala siku nne. Nipe karatasi tu, mti nauangusha siku hiyohiyo."

Kwa hiyo alifunga kilemba, akaenda ofisi ya miti kwa mara ya nne.

Karani alipuliza vumbi kwenye faili. "Mwombaji hapa ni mwanamume."

"Mume wangu. Aliomba mwaka jana. Nilishakwambia alifariki."

"Humu ndani hajafariki. Na mkaguzi alikuja kwenu, akaondoka bure. Soma mwenyewe."

Alisoma polepole, kidole chini ya maneno. Tarehe ile aliijua. Ilikuwa siku ya mazishi. Mbele yake palikuwa na wino wa bluu: *Mwombaji hakuwepo. Watu wengi, hakuna wa kujibu.*

Akamkumbuka yule mtu mwenye kalamu sikioni, aliyesimama nyuma ya waombolezaji. Walimpa kiti, wakampa na chai. Alidhani ni wa kazini kwa mumewe.

"Alikuwepo," mshonaji alisema. "Alikuwa amelazwa sebuleni."

"Si mngemwamsha?" karani alijibu, macho yakiwa kwenye simu.

Mshonaji alishika ukingo wa meza mpaka vidole vikamuuma.

"Nikiomba kwa jina langu?"

"Mpaka hati ya kiwanja ibadilishwe. Hiyo ni ofisi nyingine, na ni mwaka mzima, ukiwa na bahati. Chukua fomu ya kurudia ukaguzi. Ila safari hii mwombaji awepo, asitupotezee muda."

Alijazia kwenye kona ya meza, herufi mojamoja, kama anayetunga uzi kwenye sindano. Jina: la mumewe. Mahali atakapopatikana: *Uani, chini ya mti.* Siku atakayokuwepo: *Yoyote.*

Alirudisha fomu. Karani hakuisoma. Alivuta kidau cha wino, akainua muhuri.

"Una hakika hatatoka tena?"

"Hatoki."

Muhuri uligonga meza mara mbili, ukanyamaza.