Mstari wa Kugeuza

Kevin alikuwa mdogo wangu, aliyezaliwa baada yangu. Pale Kitale tulikuwa tunatengeneza kurasa za mtandaoni za mazishi, halafu tunazichapa ziwe programu za karatasi za kugawia waombolezaji. Yeye ndiye aliyenifundisha hiyo kazi. Mimi niliishia kidato cha nne.

Kwenye ukurasa, watoto wa nyumba huandikwa walivyozaliwa, kifungua mimba juu. Tulitumia jQuery, maktaba ya JavaScript. Amri yake moja husimama kwenye jina la marehemu na kukusanya waliomtangulia kuzaliwa. Lakini hurudi nyuma hatua kwa hatua, kwa hiyo huleta kwanza aliye karibu naye, na kifungua mimba mwisho. Kevin aliniambia siku ya kwanza nisisahau mstari wa kugeuza orodha hiyo. Kwa wateja sikuwahi kuusahau.

Programu ya mazishi yake niliitengeneza Jumatano. Nilikula chapati, nikaandika, nikachapa nakala mia mbili. Sikulia.

Alhamisi nilizifikisha nyumbani, Ndalu. Kaka yetu mkubwa, Mukhisa, alisoma moja akiwa amesimama kando ya hema.

"Nelima, hii ni nini? Wewe, halafu dada yako Phelista, halafu mimi. Ati na hizi mvi nimekuwa kitinda mimba?"

"Nilisahau mstari mmoja, kaka."

"Pasta ataita watu wa kutupa udongo akisoma hii karatasi. Si mkubwa ndiye huanza? Jamaa zetu wa Malakisi watasema nimefukuzwa kwetu."

"Naweza kurudi Kitale nichape zingine."

"Kwani hiyo kompyuta ilitupanga na nini? Sura?"

"Inaanza na aliye karibu na Kevin. Inarudi nyuma kutoka kwake."

Mukhisa aliitazama karatasi. Yeye na Kevin hawakuwa wamezungumza tangu Krismasi ya mwaka juzi, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Sikuwa nimewaza hilo nilipokuwa nikichapa. Sikuwa nimewaza chochote.

Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Usirudi Kitale," akasema. "Wacha ikae hivyo."

Jumamosi pasta aliita jina langu kwanza. Wazee waligeuka kumtazama Mukhisa. Hakusogea. Nilichota udongo, ulikuwa na unyevu, nikautupa. Ulipogonga mbao nilisikia mlio tu. Phelista akafuata. Mukhisa alipoitwa alichota wake akasimama nao mkononi, mpaka pasta akamwita mara ya pili, kwa sauti ya chini.

Jumatatu alikuja mteja kutoka Kachibora na majina ya watoto saba. Niliandika mstari wa kugeuza kabla ya kitu kingine chochote. Kisha nikamwuliza marehemu alikuwa wa ngapi.