Koti la Mmea

Shemeji yake mtafiti mmoja alipoteuliwa mkuu wa kituo cha utafiti kule juu mlimani, kwenye jangwa ambako ardhi huganda kila alfajiri, jambo la kwanza alilofanya ni kutoka nje na kukunja pua.

"Haya magugu mbona yamevaa matambara?" aliuliza, akiionyesha mimea mirefu kuliko mtu, iliyoning'iniza majani makavu toka shingoni hadi chini. "Wageni watatuonaje?"

Mtafiti alijikaza asicheke. "Hilo ndilo koti la mmea, shemeji. Ukilivua, maji ya ndani ya shina yanaganda. Jua likichomoza majani yanataka kunywa, na njia imezibwa na barafu."

"Koti! Na usiku unavaa kofia?"

"Unavaa. Majani mabichi hujikunja yakafunika chipukizi."

Mkuu alicheka mpaka akakohoa. Ofisi nzima ikacheka naye, maana ndiye bosi.

Mtafiti akashuka mjini kumzika shangazi yake. Aliporudi, mimea yote ya mbele ya ofisi ilikuwa imenyolewa, mashina yamebaki uchi kama kuku walionyonyolewa. Shemeji alisimama katikati, tumbo mbele, akipigwa picha na wageni.

Mtafiti aliingia ndani akatoa vipimajoto vyake, akavifunga kwenye mashina yaliyonyolewa na kwenye yale ya nyuma ya ghala, ambayo wembe wa shemeji haukuyafikia. Miaka yote alikuwa amenyimwa ruhusa ya kufanya jaribio hilo la kuivua mimea koti. Sasa kapatikana mtu wa kulifanya bila hata kujua.

Miezi ilivyokwenda, mimea ya mbele ilinyauka mmoja baada ya mwingine. Mkuu akaamuru imwagiliwe kila jioni. Asubuhi watumishi wakawa wanateleza kwenye barafu.

"Ni ugonjwa huu," mkuu alimwambia mtafiti. "Andika hivyo."

"Ugonjwa upo, shemeji. Ila haupo kwenye mimea."

Makala ya mtafiti kuhusu jaribio hilo ilipochapishwa, mwishoni alimshukuru mkuu wa kituo, ambaye bila amri yake mimea ile isingekufa na ukweli usingethibitika. Mkuu alisoma hadi kwenye cheo chake, akaridhika. Akautia ukurasa ule kwenye fremu, akautundika juu ya kiti chake, na kila mgeni huonyeshwa.

Mtafiti akiuona hutabasamu. Kisha hutoka nje, akapita kwenye yale mashina makavu, na tabasamu humwisha.